Thairoidi na Kinga ya Mwili: Maswali Ninayoulizwa Kaunta

Ninauza dawa kwenye kemisti moja Buruburu, na mimi mwenyewe nameza levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, kila asubuhi kwa sababu ya Hashimoto, ugonjwa ambao kinga ya mwili huibomoa tezi hiyo ya shingoni. Kwa hiyo wateja huniuliza mara mbili: kwanza kama muuzaji, halafu wakishajua, wanainamia kaunta na kuuliza tena kwa sauti ya chini. Haya ndiyo maswali yao. Mimi si daktari wako na sijakushika shingo, basi yatumie ujue la kumuuliza yeye.

Hii tezi iko wapi, na kazi yake ni nini?

Iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, imekumbatia bomba la hewa kama kipepeo aliyetandaza mabawa. Kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi. Inachukua iodini kutoka kwa chakula na kuitengenezea homoni mbili, T4 na T3, ambazo ndizo zinaupangia mwili mwendo: moyo upige kwa kasi gani, tumbo lisage vipi, ngozi iwe na unyevu kiasi gani, hedhi ije lini, joto la mwili litoke wapi. Baadhi ya vitabu huiita tezi dundumio. Sijasikia mgonjwa hata mmoja akiiita hivyo. Kwetu ni thairoidi tu, na ikivimba ni goita.

Mwili kujishambulia ndiyo kusema nini?

Kinga ya mwili ni kama soja wa geti. Kazi yake ni kuwajua wenyeji na kuwazuia wageni wabaya. Sasa fikiria soja ambaye siku moja anaanza kumzuia mwenye nyumba, anampiga rungu kila akirudi jioni, na hana habari kwamba amekosea. Mwenye nyumba huyo ndiye tezi yako.

Mwaka 1912 daktari wa upasuaji Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliandika kuhusu wanawake wanne ambao tezi zao zilikuwa zimejaa chembe nyeupe za damu, ndio masoja wenyewe. Kwa nini zilijaa, hakuna aliyejua. Ilibidi kungoja hadi 1956, watafiti wa London walipokuta kwenye damu ya wagonjwa wa aina hiyo kingamwili, yaani silaha za kinga ya mwili, zinazolenga tezi yenyewe. Hapo ndipo ilipofahamika kwamba adui hakutoka nje.

Chanzo ni mchanganyiko. Kuna urithi wa ukoo, kuna kuwa mwanamke (wanawake wanapata mara tano hadi kumi zaidi ya wanaume), kuna kipindi baada ya kujifungua, kuna iodini kupita kiasi, na kwa Graves, ugonjwa wa pili wa jamii hii, kuna sigara. Ugonjwa huu hauambukizi. Hautokani na kukaa na hasira, na hujarogwa. Nasema hivyo kwa sababu nimeulizwa yote matatu.

Hashimoto na Graves ni ugonjwa mmoja?

Ni ndugu wa tumbo moja wenye tabia tofauti. Hashimoto huibomoa tezi polepole hadi ishindwe kutoa homoni ya kutosha. Graves, ulioitwa kwa jina la daktari Robert Graves aliyeueleza kule Dublin mwaka 1835, huleta kingamwili ambazo badala ya kubomoa zinaikanyagia tezi mafuta, ikawa inatoa homoni bila breki. Mtu wa Hashimoto anaweza kuanza na kipindi kifupi cha homoni nyingi, kwa sababu tezi inayobomoka humwaga akiba yake yote kwa mpigo. Na wako wachache waliohama kutoka upande mmoja hadi mwingine miaka ikipita.

Nitajuaje ninao?

Kwa kupimwa damu. Dalili peke yake hudanganya.

Chukua baridi. Homoni ikipungua unahisi baridi kuliko wenzako, lakini Nairobi mwezi wa Julai nani hahisi baridi? Cha kuangalia ni pale unapovaa sweta mbili mwezi wa Februari na wenzako ofisini wamefungua madirisha. Kuna pia uchovu usioisha hata ukilala kwa muda wa saa kumi, kuongezeka uzito kidogo (kidogo, si kilo 30), kufunga choo, ngozi kukauka, nywele kunyonyoka, uso kuvimba asubuhi, hedhi nzito, kusahau, na huzuni isiyo na sababu. Wengi hutibiwa damu kidogo au msongo wa mawazo mwaka mzima kabla ya mtu kukumbuka kuangalia shingo.

Kwa Graves mambo ni kinyume. Moyo unakimbia hata umekaa, mikono inatetemeka, jasho, tumbo kuendesha, usingizi hakuna, na uzito unashuka ilhali unakula kama mtu wa mjengo. Hapa kuna maumivu ya pili ambayo hayaandikwi kwenye karatasi ya hospitali: mtaani mtu akikonda haraka, watu huanza kunong'ona. Mteja wangu mmoja, fundi wa viatu, alipimwa virusi vya ukimwi mara tatu, mara zote hana, na bado majirani walishaamua. Siku aliponiletea karatasi yenye jina Graves alikuwa anacheka. Alitaka niitoe kopi akaibandike mlangoni.

TSH imepanda lakini naambiwa thairoidi imeshuka. Mbona mnanichanganya?

Hili huulizwa kila wiki, na makosa si yako.

TSH ni homoni pia, lakini haitoki kwenye thairoidi. Inatoka kwenye kitezi kidogo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiambia thairoidi ifanye kazi. Mfikirie kondakta wa matatu anayegonga bati ili dereva aende. Dereva akiwa mchangamfu, kondakta anagonga mara moja, basi. Dereva akisinzia, kondakta anagonga, anapiga mbinja, anapiga kelele. Kelele hizo ndizo TSH. Zikiwa juu, tezi imelala. Na dereva akiwa anakimbiza gari kama mwendawazimu, kondakta hagongi kabisa, ananyamaza na kushikilia mlango. Hapo TSH inakaribia sufuri, na huo ni upande wa Graves.

Kwa watu wazima kiwango cha kawaida ni takriban 0.4 hadi 4.0, lakini soma kile kilichochapishwa kando ya jibu lako, maana maabara hutofautiana. Pamoja na TSH, omba T4 huru (free T4). Kingamwili za TPO huonekana kwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wa Hashimoto, na TRAb ndizo za Graves. Kingamwili zinapimwa mara moja kuthibitisha ugonjwa. Sioni maana ya kulipia TPO kila miezi mitatu eti uone kama zinashuka, kwa sababu dozi haipangwi kwa hizo, inapangwa kwa TSH. Hizo pesa nunua dawa.

Kingamwili ninazo, lakini TSH iko sawa. Nianze dawa?

Mara nyingi, hapana. Una hatari zaidi ya tezi kuchoka siku za mbele kuliko mtu asiye nazo, kwa hiyo unapima TSH mara moja kwa mwaka na kuendelea na maisha. Kama TSH imepanda kidogo tu na T4 bado iko sawa, kipimo hurudiwa baada ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu nyingine hushuka zenyewe. Ikipita 10, au ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto, mazungumzo hubadilika.

Kidonge kinamezwa vipi? (Hili lisome polepole.)

Kwenye tumbo tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kitu kingine chochote kupita mdomoni.

Najua sentensi hiyo umeambiwa. Najua pia hukuifuata, kwa sababu hata mimi sikuifuata, na nilikuwa nauza dawa yenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naamka saa kumi na moja, natia majani kwenye sufuria ya maziwa, na chai ikishachemka nameza kidonge kwa ile kikombe ya kwanza, moto, na andazi mkononi. Daktari akapima, TSH juu. Akaongeza dozi kutoka maikrogramu 50 hadi 75. Baada ya wiki sita, juu. Akaongeza hadi 100. Bado. Siku moja akaniuliza, si kwa ukali, "Hebu nieleze asubuhi yako, tangu unapofungua macho." Nilipofika kwenye sufuria akaweka kalamu chini.

Maziwa yana kalisi (kalsiamu), na kalisi huishika dawa tumboni isiingie kwenye damu. Kahawa nayo huizuia. Uji, mayai, mkate, vyote huipunguza. Nilipoanza kumeza kwa maji na kungoja, dozi ya 100 ikawa kali mno, moyo ukaanza kudunda, na ikabidi turudi 75. Yaani miezi yote ile shida haikuwa dozi, ilikuwa chai.

Ndiyo maana mtu akiniambia dawa haifanyi kazi, siulizi chapa ya pakiti kwanza. Nauliza asubuhi yake inaendaje.

Dawa nyingine pia ziko kwenye orodha hii. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisi vikae mbali kwa saa nne. Dawa za kutuliza kiungulia zilizo na madini hivyo hivyo. Omeprazoli, ambayo Nairobi humezwa kama peremende kwa sababu kila mtu ana "alsa", hupunguza asidi ya tumbo, na bila asidi ya kutosha kidonge hakiyeyuki vizuri. Bakteria wa H. pylori, yule wa vidonda vya tumbo, mwenyewe anaweza kufanya hivyo. Ukitibiwa alsa, mwambie daktari wa thairoidi, huenda dozi ikahitaji kupimwa upya.

Natoka Kayole saa kumi na nusu alfajiri. Hiyo saa moja ya kungoja naitoa wapi?

Kiweke kidonge na chupa ndogo ya maji kando ya kitanda. Meza ukizima kengele ya simu, ukaoge, uvae, upande gari. Chai utainywa ukifika kazini. Wasioweza kabisa humeza usiku wakienda kulala, ilimradi saa tatu zimepita tangu mlo wa mwisho. Usiku hufanya kazi vizuri tu. Kilicho kibovu ni kumeza leo asubuhi, kesho usiku, keshokutwa na ugali.

Na mwezi wa Ramadhani?

Wateja wangu wa Eastleigh hufuata mojawapo ya njia mbili: kumeza usiku, saa tatu zikishapita tangu chakula, au kuamka mapema kidogo, kumeza kwa maji, kungoja nusu saa, ndipo daku. Kufungua swaumu kwa kidonge na maji halafu kusubiri saa nzima mbele ya sambusa kunawezekana pia. Ila sijaona aliyeweza siku zote 30. Wa Graves wanaomeza dawa mara mbili au tatu kwa siku waongee na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Nimesahau kumeza jana. Nimezeje leo?

Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu; baada ya siku saba hivi ndipo nusu yake hutoka. Siku moja iliyopotea haikuangushi. Ukikumbuka siku hiyo hiyo, meza tumbo likiwa tupu. Ukikumbuka kesho yake, endelea na dozi ya kawaida. Lakini huo urefu ndio unaowahadaa watu: wanaacha wiki nzima, wanajiona wazima, wanasema kumbe sihitaji. Anguko huja wiki ya nne au ya tano, na wakati huo hawakumbuki tena kwamba waliacha.

Wiki tatu sasa na sioni tofauti.

Ni mapema. TSH hupimwa tena wiki sita hadi nane baada ya kuanza au kubadilisha dozi, kwa sababu ubongo huchukua muda huo kutulia. Kupima baada ya wiki mbili ni kumlipa mtu wa maabara akupe wasiwasi. Nguvu hurudi kwanza, choo kinafuata, nywele zinakuja mwisho kabisa, pengine baada ya miezi sita. Na kama TSH imekaa vizuri miezi kadhaa lakini bado umechoka, basi tafuta kingine: damu, vitamini B12, sukari, usingizi, huzuni. Si kila uchovu wa mtu wa Hashimoto ni wa Hashimoto.

Daktari ameniandikia 25 na mwenzangu ana 100. Wangu ni ugonjwa mdogo?

Dozi hufuata uzito, umri na moyo. Tezi ikiwa imekufa kabisa, kijana mzima huhitaji karibu maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Shosho wa miaka 70 au mtu wa moyo huanzishwa 12.5 au 25 na kupandishwa taratibu, kwa kuwa kuuamsha moyo uliolala kwa ghafla kunaweza kuuumiza. Usigawane vidonge na jirani, hata mkiwa chama kimoja.

Nikishapona naacha?

Kwa Hashimoto iliyokwisha kuiangusha tezi, dawa ni ya maisha. Huwa watu wananyamaza nikisema hivyo. Mimi pia nilinyamaza. Lakini hii si dawa ngeni inayopigana na mwili wako, ni homoni ile ile ambayo tezi ingetoa. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle alimdunga mwanamke mmoja maji yaliyokamuliwa kwenye tezi za kondoo. Mama huyo aliyekuwa amevimba na kulegea aliamka na kuishi miaka 28 zaidi. Sisi tuna kidonge kidogo kisicho na ladha, hatuhitaji kondoo.

Wako wachache wanaoachishwa, hasa waliougua baada ya kujifungua, lakini hiyo ni kazi ya daktari na vipimo.

Kemisti amenipa pakiti ya kampuni nyingine. Kuna neno?

Dawa ni ile ile, ila kuingia kwake mwilini kunaweza kutofautiana kidogo kati ya mtengenezaji na mwingine. Kaa na moja ukiweza. Ukibadilishiwa, pima TSH baada ya wiki sita hadi nane. Na usiiweke juu ya friji jikoni wala kwenye dashibodi ya gari; joto na unyevu huiharibu.

Nina Graves. Natibiwaje?

Kuna njia tatu, na hakuna iliyo tamu.

Ya kwanza ni vidonge vya kabimazoli, ambavyo huizuia tezi kutengeneza homoni. Humezwa miezi 12 hadi 18, halafu unaachishwa na kuangaliwa. Wengine ugonjwa hutulia moja kwa moja, wengi hurudi. Mwanzoni huongezewa propranololi ya kutuliza moyo na mikono, lakini kama una pumu sema, kwa sababu haikufai.

Kabimazoli ina jambo moja ambalo namwambia kila mteja, na nalirudia huku nimeshikilia pakiti sijamwachia: mara chache sana dawa hii hufuta chembe nyeupe za damu. Ukipata homa au koo likikuuma ukiwa unaitumia, usinunue dawa ya koo. Acha kabimazoli na uende ukapimwe hesabu ya damu siku hiyo hiyo, iwe Jumapili, iwe usiku. Nairobi koo linauma kila vumbi likipanda, kwa hiyo wengi hupuuza. Usipuuze. Macho yakiwa ya manjano au mkojo mweusi, hivyo hivyo, nenda.

Ya pili ni iodini yenye mnururisho, yaani mionzi, unaimeza mara moja, nayo inaenda kwenye tezi na kuiunguza kutoka ndani. Hospitali zenye kitengo hicho si nyingi. Kenyatta ni mojawapo. Baada yake unakaa mbali na watoto wadogo na wajawazito kwa siku utakazoambiwa, ambayo katika nyumba ya chumba kimoja ni hesabu ngumu, basi panga mapema watoto waende kwa nani. Mwanamke hapaswi kushika mimba kwa miezi sita, wala haitolewi kwa mjamzito au anayenyonyesha. Ya tatu ni upasuaji. Kwa njia hizi mbili za mwisho, wengi huishia kumeza levothairoksini maisha yote. Watu huona ni kama kubadilisha ugonjwa kwa ugonjwa. Mimi huona ni kubadilisha dereva mwendawazimu kwa mmoja anayesinzia lakini anayeamshika.

Macho yangu yamejitokeza. Yatarudi?

Ile kinga inayoishambulia tezi hushambulia pia nyama na mafuta nyuma ya jicho. Ukivuta sigara, acha leo. Hakuna kitu unachoweza kufanya mwenyewe kinachosaidia kuliko hicho. Machozi ya dukani husaidia ukavu. Ukiona vitu viwili viwili, au rangi zimefifia, au jicho halifungi ukilala, hiyo ni dharura ya daktari wa macho. Iodini yenye mnururisho inaweza kuyazidisha, kwa hiyo taja macho kabla ya kukubali.

Nisile sukuma wiki?

Kula. Kabichi, sukuma na jamii yake zina vitu vinavyoisumbua tezi pale mtu anapokula nyingi mno mbichi na hana iodini ya kutosha. Sukuma yetu hupitia mafuta, kitunguu na moto, na chumvi yetu ya mezani imewekwa iodini kwa sheria tangu miaka ya 1970. Muhogo vivyo hivyo, ukipikwa vizuri na kuliwa pamoja na vingine. Mama mboga wako hana kosa. Soya tu ndiyo iwe mbali na saa ya kidonge.

Ngano nayo? Kama huna ugonjwa wa siliaki, ambao mwili huikataa protini ya ngano, kuacha chapati hakujathibitishwa kutibu Hashimoto. Ukijisikia vizuri bila hiyo, sawa, lakini usiache kidonge ukidhani chapati ndiyo iliyokuwa tatizo.

Mwani je? Naambiwa ni dawa ya thairoidi.

Huu ndio unaonitia hasira. Mwani wa chupa unauzwa mitandaoni kama dawa ya kila tezi, na una iodini, wakati mwingine nyingi ajabu na isiyopimwa. Mtu asiye na iodini ingemsaidia. Lakini mtu ambaye kinga yake inaishambulia tezi kwa kawaida shida yake si kukosa iodini, na kumwongezea kunaweza kuiangusha tezi zaidi au, kwa mwingine, kuichochea. Goita ya babu zetu kule milimani, ya kukosa iodini, na goita yako ya Hashimoto zinafanana kwa kuvimba tu.

Na vidonge vya nywele. Biotini iliyo ndani yake huvuruga mashine za baadhi ya maabara, ikaonyesha TSH ya chini na T4 ya juu wakati wewe huna shida hiyo. Msusi mmoja alikuja na majibu yanayoonyesha Graves, na hakutetemeka hata kidole. Tuliongea dakika tano, akatoa mkoba, humo ndani mna kopo la biotini. Acha angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, zaidi kama ni dozi kubwa, na umwambie anayekupima.

Naweza kupata mtoto?

Ndiyo, na wengi wanapata. Lakini panga. Homoni ikiwa chini, mimba huwa ngumu kushika na rahisi kuharibika, na ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama katika wiki zile za kwanza kabla tezi yake haijaanza kazi.

Ukiwa tayari unameza levothairoksini, dozi hupanda kwa asilimia 25 hadi 30 mimba inapoingia. Madaktari wengi humwambia mama mapema: siku kipimo cha mkojo kikionyesha mistari miwili, ongeza vidonge viwili kwa wiki, halafu uje. Muulize wako kama ndiyo mpango wenu. Usisubiri kliniki ya kwanza mwezi wa nne. Kisha TSH hupimwa kila wiki nne hivi hadi katikati ya mimba.

Na kliniki utapewa vidonge vya kuongeza damu. Vizuri, vimeze, lakini si pamoja. Thairoidi alfajiri, damu mchana au jioni. Nimeona mama wamevitia vyote kwenye kijimfuko kimoja ili wasisahau, na TSH inapanda huku wanameza kwa uaminifu wote.

Wa Graves wasishike mimba kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu kabimazoli katika wiki za mwanzo inaweza kumletea mtoto kasoro, na kwa kawaida hubadilishwa kuwa propilthiourasili. Usiache dawa mwenyewe kwa woga pia. Graves isiyotibiwa ni hatari kwa wote wawili. Kunyonyesha ukiwa kwenye levothairoksini hakuna tatizo lolote.

Mtoto ana miezi minne na mimi ni kama nimekuwa mtu mwingine.

Omba TSH. Ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, karibu mama 5 kati ya 100 hupata uvimbe wa tezi unaoanza kwa mapigo na hasira, kisha unageuka kuwa uchovu na huzuni. Mama mkwe atasema ni uzembe wa wasichana wa siku hizi. Mwachie, wewe nenda ukapimwe, na sema pia kuhusu huzuni yenyewe, kwa sababu inaweza kuwa yote mawili.

Uvimbe wa shingo ni saratani?

Mara nyingi si saratani. Ukiwa mgumu, unakua haraka, sauti imekwaruza, au chakula hakipiti, unahitaji ultrasaundi bila kuchelewa.

Wanangu watarithi?

Wanarithi uwezekano, si ugonjwa. Binti akianza kuchoka ovyo au hedhi ikivurugika, taja jina la ugonjwa wako. Magonjwa ya jamii hii hutembea pamoja: kisukari cha aina ya kwanza, mabaka meupe ya ngozi, upungufu wa B12.

Lazima nimwone bingwa wa homoni?

Hashimoto ya kawaida inaweza kusimamiwa na daktari yeyote makini wa hospitali ya karibu. Bingwa ni kwa Graves, mimba, macho, watoto, na dozi isiyotulia hata asubuhi ikiwa safi. Kuhusu malipo, SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Uliza kituo chako kabla ya kutolewa damu ni vipimo vipi vinalipiwa, usiulize baadaye. Na ukiwa na uwezo wa kipimo kimoja tu kwa mwaka, kiwe TSH.

Ni lini nikimbie kasualti?

Mwenye Graves akiwa na homa kali, moyo unakimbia au hauna mpangilio, anatapika na kuchanganyikiwa. Mwenye tezi iliyolala, hasa mzee aliyeacha dawa, akiwa baridi, mzito wa usingizi, haamshiki vizuri. Yeyote mwenye maumivu ya kifua au anayekosa pumzi. Hapo usipitie kwangu.

Kliniki niende na nini?

Majibu yote ya zamani, pakiti ya dawa yenyewe, na orodha ya kila kitu kingine unachomeza, mitishamba ikiwemo. Siku ya kutolewa damu wengi wetu hupendelea kidonge kimezwe baada ya sindano, si kabla.

Nina mteja wa Donholm, mwalimu mstaafu, anayebeba daftari la mraba la wanafunzi. Amelipigia mistari kwa rula: tarehe, dozi, TSH, uzito, na safu ya mwisho ameiandika kwa wino mwekundu, "Chai saa ngapi". Jumatatu iliyopita aliweka daftari juu ya kaunta, akanigeuzia nisome. TSH 2.1. Chai, saa moja na dakika tano.